Maharage ya Tanurini kwa Watu Mia Moja

Mpishi yeyote aliyewahi kupika maharage kwa ajili ya watu wengi anaijua fadhaa hii: saa ya chakula imefika, wageni wamekwisha kuketi, na punje zilizomo sufuriani bado ni ngumu kama kokoto. Kuni huongezwa, maji huongezwa, wala hali haibadiliki. Katika makala haya tutalichunguza tatizo hilo kwa kuyatazama mapishi ya mbali kidogo, yaani maharage ya kuoka ya Waamishi wa Marekani, ambayo huandaliwa kwa makumi na hata mamia ya watu kwa mara moja. Nimeyachagua kwa sababu ya ajabu moja. Ndani yake mna karibu kila kitu kinachoyazuia maharage yasiive: nyanya, sukari, na molasi. Hata hivyo huiva, tena vizuri.

Waamishi ni jumuiya ya Kikristo iliyojitenga na Waanabaptisti wenzao mwaka 1693, huko Uswisi na Alsace, ikimfuata kiongozi aliyeitwa Jakob Ammann. Katika karne ya 18 walianza kuhamia Pennsylvania, na leo makazi yao makubwa yamo katika majimbo ya Pennsylvania, Ohio na Indiana. Wengi ni wakulima na mafundi; husafiri kwa magari ya farasi, na nyumba zao aghalabu haziunganishwi na gridi ya umeme. Jirani anapounguliwa na ghala, wanaume hukusanyika wakalisimamisha jipya, na wanawake huwapikia wote. Shughuli za namna hiyo, pamoja na harusi na misiba, huwalazimisha watu kujua kupika kwa vyombo vikubwa. Lakini haki lazima isemwe: maharage ya kuoka si uvumbuzi wao. Mapishi hayo yalikuwa na sifa zamani huko New England, na hasa katika mji wa Boston. Tena maharage yenyewe, Phaseolus vulgaris, asili yake ni bara la Amerika, nayo ni aina moja na maharage yanayolimwa Mbeya, Kigoma na Kagera. Kwa hiyo tutakayoyasema kuhusu sufuria ya Ohio yanaihusu pia sufuria ya shule ya bweni ya kwetu.

Kwa watu 100, chukua kilo 6 za maharage meupe madogo makavu, kilo 2 za vitunguu, kilo 2 za bekoni iliyokatwakatwa, lita 2 za sosi nzito ya nyanya, kilo moja na robo ya sukari ya kahawia, nusu lita ya molasi, gramu 150 za haradali na gramu 100 za chumvi. Asiyekula nguruwe atumie nyama ya ng'ombe iliyosagwa, yenye mafuta kiasi. Ladha ya moshi itakosekana, lakini hoja za kisayansi hazitabadilika. Maharage yaliyorowekwa huongezeka uzito takriban maradufu, hivyo kilo 6 huwa kama kilo 12. Ukijumlisha viungo na kuondoa maji yanayotoka kwa mvuke, utapata chakula cha kilo 18 hivi, yaani gramu 180 kwa kila mtu.

Viungo ndivyo hivyo. Ugumu wa kazi hii uko katika utaratibu, jambo ambalo nililijua kwa kuaibika. Mwaka 2012, nikiwa mwanafunzi wa uzamivu huko Ohio, nilijitolea kuwapikia maharage haya wanafunzi wenzangu wapatao 60. Niliyaroweka usiku kucha kama ilivyopasa. Kulipokucha niliyatia katika chombo kimoja pamoja na nyanya, sukari, molasi na nyama, nikayafungia tanurini kwa saa nane. Yalitoka yakiwa na rangi nzuri ya kahawia na harufu ya kupendeza, na kila punje ilikuwa ngumu. Tulikula mkate. Nilikuwa nimekwisha kuandika sura mbili za tasnifu ya kemia! Baadaye mama mmoja wa Kiamishi, aliyekuwa akiuza mboga sokoni, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa upole kama sikuyachemsha kwanza kwa maji matupu. Hakunieleza sababu. Sababu nilikwenda kuitafuta mwenyewe.

Hebu tuiangalie punje kwa ndani. Imejengwa kwa seli nyingi zilizojaa chembe za wanga na protini. Seli hizo zimegandishwa pamoja kwa dutu iitwayo pektini, kama vile matofali yanavyoshikwa na udongo. Nyuzi za pektini nazo zimefungwa pamoja na ioni za kalsiamu na magnesiamu, ambazo kila moja ina chaji mbili na hivyo huweza kuzishika nyuzi mbili kwa mara moja. Kuiva kwa harage ni mambo mawili yanayokwenda pamoja: wanga hunywa maji na kuvimba, na pektini huvunjika ikayeyuka, hata seli zikaachana. Wanga ukivimba lakini pektini isipovunjika, punje haitakuwa laini hata ikichemka mchana kutwa.

Sasa tazama adui wa kazi hiyo. Pektini huvunjika kwa urahisi katika maji yasiyo na asidi, na kwa haraka zaidi katika maji yenye alkali. Katika asidi ya kadiri, kama ile ya nyanya au siki, hukaa imara. Sukari nyingi nayo huvuta maji, ikaichelewesha punje isinywe vya kutosha. Ama molasi ina mambo yote matatu: sukari, asidi kidogo, na kalsiamu kwa wingi, ambayo huenda moja kwa moja kuvifunga upya vifungo vile tunavyotaka vifunguke. Nilichokifanya mimi mwaka ule ni kuyapa maharage saruji nikitumaini kwamba yatabomoka.

Kwa hiyo utaratibu ulio sahihi ni huu. Roweka maharage kwa saa 12 katika maji kama lita 20, yaliyotiwa chumvi kiasi cha gramu 15 kwa kila lita. Wapo wapishi wengi, hata hapa kwetu, wanaoamini kwamba chumvi huyafanya maharage kuwa magumu. Imani hiyo si sahihi: ioni za sodiamu huchukua nafasi ya baadhi ya ioni za kalsiamu katika ganda, na kwa kuwa sodiamu ina chaji moja tu, haiwezi kuzifunga nyuzi mbili. Ganda huwa laini na halipasuki ovyo. Maji hayo yamwagwe. Pamoja nayo huondoka sehemu ya sukari ziitwazo rafinosi na stakiosi, ambazo mwili wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuzivunja, nazo zikifika katika utumbo mpana bakteria huzichachusha na kutoa gesi. Mabweni yanaijua habari hii, na hatuna haja ya kuieleza zaidi.

Baada ya hapo chemsha kwa maji mapya matupu, moto mkali kwa nusu saa ya kwanza, halafu moto wa wastani mpaka punje ibonyee kati ya vidole viwili. Huo moto mkali wa mwanzo haumo kwa ajili ya ulaini tu. Maharage mabichi yana protini iitwayo lektini, inayodhuru utumbo. Maharage mekundu ndiyo yenye lektini nyingi zaidi, lakini meupe nayo hayakosi. Mtu akila maharage yasiyoiva vyema huweza kutapika na kuharisha katika saa chache. Lektini huharibika kwa maji yanayotokota. Katika joto dogo, mathalani nyuzi 80 za sentigredi, haiharibiki ipasavyo, na imeonekana kwamba sumu yake huweza hata kuongezeka. Chombo kikubwa kilichojaa maharage mabichi, kikitiwa katika tanuri la moto mdogo, huweza kukaa katika joto la namna hiyo kwa muda mrefu. Kushindwa kwangu kuyalainisha, basi, kuliwaokoa wenzangu na balaa nyingine, maana hakuna aliyeyala.

Wanaoishi nyanda za juu wakumbuke kwamba maji huchemka kwa joto pungufu kadiri tunavyopanda mlimani, takriban nyuzi moja kwa kila mita 300. Njombe maji huchemka kwenye nyuzi 93 au 94 tu, na muda wa kuchemsha lazima urefushwe. Kuongeza kuni hakusaidii. Maji yanayotokota kwa nguvu hayana joto zaidi ya yale yanayotokota kwa upole.

Liko pia suala la umri wa maharage. Punje mpya ina dutu iitwayo fitati, ambayo wakati wa kupika huinyakua kalsiamu kutoka katika pektini. Gunia likikaa miezi mingi katika ghala la joto na unyevunyevu, vimeng'enya huivunja fitati hiyo, kalsiamu ikaachwa huru kuifunga pektini. Yako na mabadiliko mengine katika ukuta wa seli, lakini matokeo ni yale yale: maharage yanayokataa kuiva. Mkuu wa shule anayefurahia bei nafuu ya gunia la msimu uliopita huenda akailipa tofauti hiyo, na zaidi, kwa kuni.

Wengi huikabili hali hii kwa magadi, kama yale yachimbwayo Ziwa Magadi nchini Kenya. Kemia yake ni sahihi: ni alkali, na yana sodiamu. Lakini alkali huiharibu vitamini B1, ambayo maharage ni chanzo chake kizuri, na yakizidi huleta ladha ya sabuni. Kwa maoni yangu, chumvi katika maji ya kuroweka ni njia bora zaidi, isipokuwa maharage yakiwa ya zamani mno. Tena katika mapishi haya magadi yatakutana na asidi ya nyanya na kutoa povu la kaboni dioksidi, kila kimoja kikimharibia mwenziwe kazi.

Punje zikiisha kulainika, na hapo tu, changanya nyanya, sukari, molasi, haradali, vitunguu na nyama iliyokaangwa, utie katika trei na kuoka kwa nyuzi 150 kwa muda wa saa tatu. Hapa ndipo mapishi haya yanapoonyesha busara yake. Vitu vile vile vilivyokuwa maadui hapo mwanzo sasa ni walinzi. Asidi, sukari na kalsiamu huisimamisha pektini iliyobaki, na hivyo punje hudumu nzima badala ya kuwa uji, ingawa zimo motoni kwa saa nyingi. Ikiwa mafundi wamechelewa kushuka kutoka darini, chakula huwangoja bila kuharibika umbo. Kwa mpishi wa watu mia hiyo ni nafuu kubwa.

Msomaji asidhani kwamba punje huokwa kwa nyuzi 150. Madhali mna maji, ndani ya mchuzi joto haliwezi kupita sana nyuzi 100. Ni juu tu, mahali panapokauka, ambapo joto hupanda, na hapo sukari na protini hutenda pamoja na kuleta rangi ya kahawia na harufu tamu. Mmenyuko huo huitwa wa Maillard, kwa jina la Mfaransa Louis-Camille Maillard aliyeueleza mwaka 1912. Trei pana hutoa uso mkubwa wa kahawia kuliko chungu kirefu. Kilo zetu 18, tukizikadiria kuwa lita 18, zikienezwa kwa kina cha sentimita 8 zinahitaji eneo la sentimita za mraba 2,250; trei mbili za sentimita 30 kwa 38 zinatosha.

Kina hicho kina maana kubwa zaidi chakula kinapobaki. Katika udongo na vumbi huishi bakteria aitwaye Clostridium perfringens, ambaye hutengeneza spora ngumu zinazoweza kuhimili mchemko. Mwaka 1953 Betty Hobbs na wenzake huko Uingereza walionyesha wazi uhusiano wake na chakula kilichopikwa kwa wingi kisha kikapozwa polepole. Chakula kinaposhuka hadi nyuzi 45 hivi, spora huamka, na bakteria huweza kuongezeka maradufu katika muda usiozidi dakika 10. Kanuni za Marekani hutaka chakula kishuke kutoka nyuzi 57 hadi 21 katika saa mbili, na kifike nyuzi 5 katika saa nyingine nne.

Muda wa joto kupenya katika kitu kizito kama maharage huongezeka kwa mraba wa unene wake. Sufuria ya kina cha sentimita 40 ni nene mara 5 kuliko trei ya sentimita 8, kwa hiyo muda wake ni kama mara 25. Hata tukipunguza kwa kuwa sufuria hupoa pia ubavuni, sufuria iliyofunikwa jikoni usiku kucha itakuwa na uvuguvugu katikati kulipokucha, na uvuguvugu huo ndio hasa bakteria anaoupenda. Maharage yatakayoliwa siku hiyo yatunzwe juu ya nyuzi 60. Yatakayolazwa yaenezwe katika vyombo vya kina kifupi, yapozwe upesi na kutiwa katika jokofu. Pasipo na jokofu, pika kiasi kitakachokwisha.

Jaribio la darasani. Roweka punje 250 za gunia moja usiku kucha kwa maji matupu, kisha zigawe katika makopo matano, punje 50 kila moja, na maji nusu lita. Kopo la kwanza liachwe na maji matupu. La pili litiwe kijiko kimoja cha chai cha chumvi. La tatu vijiko viwili vya chakula vya siki. La nne robo kijiko cha chai cha magadi. Chemsha yote kwa moto ulio sawa, ukiongeza maji yanayotokota kila yapunguapo. Kila baada ya dakika 15 toa punje 5 kutoka kila kopo, uzibonyeze kwa vidole zikishapoa, na kuandika ni ngapi zimepondeka. Punje hizi zisiliwe. Kopo la tano lichemshwe kwa maji matupu kwa saa nzima, ndipo litiwe siki sawa na la tatu na kuendelea kuchemshwa. Wanafunzi wachore grafu ya kila kopo. Lakini ile ya kopo la tano waikisie na kuichora kwa penseli kabla moto haujawashwa.