Mbio Ndefu na Akiba ya Nguvu

Wako vijana wengi wadhanio kwamba mbio ni mbio tu, na aliye mwepesi uwanjani mwa shule atakuwa mwepesi barabarani pia. Sivyo hata kidogo. Leo twapenda kueleza habari za mbio ndefu ziitwazo marathoni, ili walimu wapate la kuwafundisha.

Jina hilo latokana na Marathon, katika nchi ya Wagiriki, palipopiganwa vita mwaka 490 kabla ya Kristo. Husimuliwa kwamba mjumbe alikimbia toka huko mpaka Athens kupeleka habari za ushindi, akaanguka, akafa. Nasi twaichukua kuwa ni hadithi tu. Mashindano yenyewe yalianza Athens mwaka 1896. Urefu wa kilomita 42 na mita 195 ulikimbiwa kwanza London mwaka 1908, ukafanywa kanuni mwaka 1921.

Sasa tutazame pumzi. Mtu wa Morogoro apandapo Uluguru huhema, akadhani ni ukali wa njia tu. Lakini akifika uwanda wa Lukwangule, penye kimo cha mita 2,400 na zaidi, hata akitembea mahali pa sawasawa moyo humwenda mbio, kwa kuwa hewa ya huko ni nyepesi. Mji wa Mexico nao una kimo cha mita 2,240. Huko ndiko alikokimbia John Stephen Akhwari, mwenyeji wa Mbulu, mwezi wa Oktoba 1968. Misuli ilimkaza, kisha akaanguka, akaumia goti vibaya. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2 na dakika 20. Akhwari aliingia uwanjani gizani, mguu umefungwa bendeji, baada ya saa 3 na dakika 25, akawa wa mwisho katika 57 waliomaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, maana ya jibu lake ilikuwa kwamba nchi yake haikumtuma mbali vile aanze mbio, bali azimalize.

Basi ajifunzaye na aanze polepole, akizidisha mwendo kidogo kidogo kila juma. Kipimo chake ni hiki: aweza kuzungumza na mwenziwe maneno yasikatike? Akishindwa, apunguze. Akiba ya wanga iliyomo mwilini hutosha kilomita 30 hivi kwa wengi. Aimalizaye mapema miguu humwia mizito kama magogo. Wachukuzi wa mizigo milimani hawakuhitaji mwalimu wa jambo hili, maana hawakimbilii kilima cha kwanza. Na maji anywe njiani, asingoje kiu kali.

Tarehe 15 Septemba 2025, mjini Tokyo, Alphonce Felix Simbu alimfikia Amanal Petros wa Ujerumani katika hatua za mwisho kabisa. Wote wawili waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Simbu alitangulia kwa sehemu 3 za mia za sekunde, akawa Mtanzania wa kwanza kupata dhahabu katika mashindano ya riadha ya dunia.