SOMO: BAKTERIA WALINZI WA MIMEA



Wakulima wa korosho wa Kibiti, na wale wa matikiti na mboga kando ya Mto Rufiji, wanaujua ubwiriunga: unga mweupe juu ya majani machanga na maua. Ua lililoshambuliwa hukauka bila kuzaa. Ugonjwa huu huletwa na kuvu. Katika mikorosho ya Tanzania uliripotiwa mwaka 1979, na kinga kuu imekuwa salfa ya unga. Salfa inasaidia, lakini ni gharama ya kila msimu, na ikizidi huongeza tindikali katika udongo.

Wanafanyaje kazi?

Si kila bakteria ni adui. Yuko aitwaye Bacillus subtilis, anayeishi udongoni. Akipuliziwa kwenye mmea huchukua nafasi na chakula ambacho kuvu ingetumia, hutoa kemikali zinazotoboa utando wa seli za kuvu, na huamsha kinga ya mmea wenyewe. Wakati wa shida hujifunga katika gamba gumu. Ndiyo maana huweza kuuzwa akiwa unga mkavu.

Mambo ya kuzingatia

1. Mlinzi huwekwa kabla mwizi hajaingia. Pulizia mapema, kisha rudia kama lebo inavyoagiza, kwani majani mapya huchipua bila ulinzi.
2. Pulizia jioni. Jua kali hudhoofisha bakteria.
3. Osha bomba vizuri. Usichanganye na dawa nyingine, hasa za shaba, kama lebo hairuhusu.
4. Ondoa maotea ya mkorosho kabla ya maua. Ugonjwa hujificha humo.
5. Hakikisha dawa imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), na kwamba zao lako limetajwa. Kama mkorosho haukutajwa, tunashauri msiache salfa. Muulizeni kwanza afisa ugani.

Katika Mwanzo 2:15 mwanadamu anapewa bustani ailime na kuitunza. Tunasisitiza yote mawili. Kuvuna leo na kuwaachia watoto udongo uliochoka si kutunza. Jambo hili tulifanye pamoja na jirani zetu Waislamu, maana mbegu za kuvu hupeperushwa na upepo bila kuuliza shamba ni la nani.

Maswali ya kikundi

1. Msimu uliopita tulianza kupulizia kabla au baada ya kuuona unga mweupe?
2. Ni mashamba yapi jirani yana maotea, na tutasaidianaje kuyaondoa?