Jinsi ya Kuokoa Michezo ya Zamani ya Kompyuta

Wanafunzi wenzangu, nanyi mliotutangulia katika shule hii, nataka kuwaeleza kazi niliyojifunza mwaka huu, pamoja na kosa nililolifanya, ili mwingine asilirudie.

Katika kabati la chumba cha kompyuta nilikuta disketi mbili zilizoachwa na wanafunzi wa miaka ya 1990. Zilikuwa na mchezo walioutunga wenyewe kwa QBasic. Mchezaji huendesha gari la moshi kutoka Mombasa. Akijibu swali sawasawa gari husogea: Voi, Nairobi, Nakuru, Eldoret, hata hapa kwetu Malaba. Disketi ya kwanza ilikuwa na mchezo wenyewe na maswali ya kufika Nakuru. Ya pili, maswali yaliyobaki.

Kwa nini mchezo huo haukubali katika kompyuta za sasa? Kwa sababu uliandikwa kwa ajili ya MS-DOS, mfumo uliotoka mwaka 1981. Programu zake ni za biti 16, na Windows ya biti 64 haiziendeshi. Ni kama shilingi ya Kenya: ni fedha halali, lakini dukani Kampala hainunui mkate mpaka ipite kwa wale wabadilishaji fedha tunaowaona hapa mpakani kila siku. Mbadilishaji wetu ni DOSBox, programu ya bure iliyoanza kutolewa mwaka 2002. Huiga mashine ya zamani ndani ya mashine mpya, na kila amri ya mchezo huigeuza iwe amri inayofahamika.

Basi, fuateni utaratibu huu. Kwanza, sukuma kando kifuniko cha chuma cha disketi, uitazame sahani iliyo ndani. Ukiona madoa ya kuvu, usiitie kabisa katika mashine. Pili, fungua kitundu cha pembeni ili mashine isiweze kuandika juu yake. Tatu, nakili disketi nzima, maana haizidi megabaiti 1.44, ukaweke nakala mahali pawili. Nne, tia faili katika folda iitwayo michezo, fungua DOSBox, uandike: mount c c:\michezo, kisha c: na jina la programu. Mchezo ukikimbia mno, bonyeza Ctrl pamoja na F11. Ukienda polepole, Ctrl pamoja na F12.

Disketi ya kwanza niliinakili salama. Ya pili niliitia kwa haraka bila kuitazama, nayo ilikuwa na kuvu. Mashine ilipokwaruza sikuacha. Nilijaribu tena na tena, mpaka maandishi yote yakafutika. Leo gari letu linasimama Nakuru, wala halifiki nyumbani.

Jordan Mechner wa Marekani, aliyetunga Prince of Persia mwaka 1989, alipotelewa na maandishi asili ya programu yake kwa miaka mingi. Mwaka 2012 baba yake alizikuta disketi nyuma ya kabati, na mafundi wakafaulu kuzisoma.

Ninyi wanafunzi wa zamani, tafadhali tazameni nyuma ya makabati yenu. Yeyote aliye na disketi ya pili ya mchezo wa gari la moshi, asiijaribu nyumbani. Na ailete kama ilivyo. Safari hii nitaitazama kwanza.