Gauni la bendera siku ya utamaduni

SWALI: Mimi ni wa Mombasa, binti yangu amezaliwa Leicester. Shuleni kwao kuna siku ya utamaduni. Nimemtolea kanga, yeye anataka gauni la bendera ya Uingereza. Je, shule itamkataza? Nami nimkatalie?

JIBU: Dada yangu, usimkatalie. Hakuna sheria ya Uingereza inayomzuia mtu kuvaa bendera hiyo. Geri Halliwell wa Spice Girls aliivaa jukwaani mwaka 1997, na gauni lile bado linakumbukwa. Shule ina mamlaka juu ya mavazi, ila Sheria ya Usawa ya 2010 inaikataza kumbagua mwanafunzi kwa uraia au asili yake. Julai 2025 shule moja huko Uingereza iliomba radhi baada ya kumtenga mwanafunzi aliyevaa gauni la namna hiyo kwenye siku kama hii. Mwandikie mwalimu mapema hata hivyo.

Najua linakuuma, kana kwamba mtoto ameikana Mombasa. Hajaikana. Ameulizwa yeye ni nani, akajibu kwa nchi aliyozaliwa, na jibu hilo ni la kweli. Bendera yenyewe ni ya mchanganyiko: misalaba ya England, Scotland na Ireland, kwa sura iliyopata mwaka 1801. (Wales haimo, na Wawelshi hawajasahau.)

Mwombe ajitande kanga juu ya gauni, umfundishe na jina la kanga hiyo ili akiulizwa alieleze. Akikataa, mwache. Idi na harusi zipo.