Dondoo Muhimu: Kushusha Sauti ya Dabobesi

Dabobesi ya okestra yenye nyuzi nne huishia kwenye noti ya E, yaani mitetemo 41 hivi kwa sekunde, ilhali watunzi wengi hudai noti ya C iliyo chini yake. Mpigaji anayefunga kirefusho, yaani ubao unaopita juu ya kichwa cha chombo ili uzi mnene urefuke, anunue uzi wa urefu huo, kwa kuwa ule wa kawaida haufiki. Kisha akague kila kibanio, yaani kifungo kinachoukaza uzi kwenye noti fulani, maana kikibana mno huipandisha sauti. Uzi wa tano, ambao hupendwa Ujerumani na kwa kawaida hushuka hadi B, hauhitaji vibanio, bali hudai shingo pana na huongeza mgandamizo kifuani mwa chombo.