Dondoo muhimu: Kutambua nyuzi za wavu kwa spektrometa ya masi

Kipande cha wavu kilichookotwa ufukweni Nchelenge, Zambia, chaweza kuwa nailoni ya mvuvi, au chandarua kilichogeuzwa wavu wa chisense (dagaa wadogo wa ziwani). Anza na maji: poliethilini huelea, nailoni na poliesta huzama. (Tia sabuni kidogo, viputo hudanganya.)

Osha mwani, kausha, funga kwa karatasi ya aluminiamu. Mfuko wa plastiki usiuguse: vilainishi vya plastiki huweza kuacha kilele kwenye masi 149, ukahangaika bure.

Maabara hutosheka hata na chini ya miligramu moja. Uzi huvunjwa kwa joto kali bila oksijeni, vipande vikapimwa masi. Nailoni 6 hutoa kaprolaktamu, 113. Nailoni 6,6 hutoa saiklopentanoni, 84. Ukiikuta 113, usikimbilie kukilaumu chandarua: vyandarua vingi ni poliesta au poliethilini.