Mada ya 6: Kupaka Rangi na Kutia Kivuli kwa Leya

Baada ya kusoma mada hii unatakiwa uweze:
(a) kueleza maana na kazi ya leya katika uchoraji wa kompyuta;
(b) kupanga leya za mchoro kwa mfuatano sahihi;
(c) kutia kivuli kinachofuata chanzo kimoja cha mwanga;
(d) kukokotoa rangi inayopatikana kivuli kinapowekwa juu ya rangi nyingine.

6.1 Maana ya leya

Leya ni ukurasa angavu unaolala juu au chini ya kurasa nyingine ndani ya mchoro mmoja. Chukua karatasi nne za nailoni inayoonesha. Ya kwanza ichore mandhari, ya pili ipake rangi za kitu, ya tatu itie kivuli, ya nne ichore mistari. Zipange moja juu ya nyingine, utaona picha moja. Ukikosea kivuli, unabadilisha karatasi ya tatu tu, na nyingine zinabaki salama. Hiyo ndiyo faida kuu ya leya.

Leya zinapatikana katika programu za bure kama Krita na GIMP kwenye kompyuta, na ibisPaint kwenye simu. Kwa hiyo shule ikiwa haina maabara ya kompyuta, bado unaweza kufanya mazoezi kwa simu ya nyumbani.

Wazo la kupaka kwa tabaka halikuletwa na kompyuta. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 hivi na kufariki mwaka 1972, alitumia rangi ya mafuta juu ya hadibodi. Wachoraji wanaofuata mtindo wake hutanguliza rangi ya mandhari, wakaiacha ikauke, ndipo huweka mnyama au ndege juu yake, na mwisho madoa na mistari. Tofauti ni kwamba rangi ikishakauka juu ya ubao huwezi kuiondoa bila kuharibu iliyo chini. Leya unaweza kuifuta au kuihamisha.

6.2 Mfano: lori njia panda ya Nyakanazi

Lori la njano limeegeshwa Nyakanazi, pale barabara ya Kigoma inapokutana na ile ya kwenda Rusumo. Ni saa kumi na moja jioni na jua liko upande wa kushoto wa mchoro. Tunalitazama kutoka mahali palipoinuka kidogo, hivyo pande tatu zinaonekana: mbele (kushoto), juu, na ubavu (kulia).

Kabla ya kugusa rangi, jiulize: mwanga unatoka wapi? Chora mshale mdogo kwenye leya ya pembeni uelekeze jua linakotoka. Mshale huo ndio utakaoamua kila kivuli. Kwa lori letu, mbele ndiko kunakong'aa zaidi, juu kuna mwanga wa kati, na ubavu una kivuli.

Panga leya hivi, kuanzia chini kwenda juu:

1. Mandhari: anga, barabara na udongo.
2. Kivuli kilichoanguka: kile ambacho lori linakitupa chini. Kinaelekea kulia, na kwa kuwa jua limeshuka, ni kirefu kuliko kimo cha lori.
3. Rangi bapa: njano moja kwa bodi yote, nyeusi kwa matairi, bila kukoleza wala kufifisha.
4. Kivuli cha umbo: giza la upande wa lori usiotazama jua.
5. Mwanga: mng'aro kwenye kioo na kingo za mbele.
6. Mistari.

Leya ya 4 ibane kwenye leya ya 3, yaani washa amri inayozuia rangi isivuke mipaka ya umbo lililo chini yake. Hapo unaweza kupaka kwa brashi pana bila kuchafua anga.

6.3 Hesabu ya kivuli

Wengi hutia kivuli kwa kupaka rangi nyeusi au ya kijivu. Matokeo yake lori la njano huonekana limepakwa masizi. Njia bora ni kuiweka leya ya kivuli katika hali ya kuzidisha, ambayo kwenye menyu huandikwa Multiply. Katika hali hii programu haifuniki rangi ya chini. Inazidisha namba za rangi mbili, kisha inagawanya kwa 255.

Njano ya bodi: nyekundu 240, kijani 200, bluu 40.
Rangi ya kivuli: nyekundu 153, kijani 153, bluu 204.

Nyekundu: 240 × 153 ÷ 255 = 144
Kijani: 200 × 153 ÷ 255 = 120
Bluu: 40 × 204 ÷ 255 = 32

Rangi mpya (144, 120, 32) ni njano iliyokolea giza. Lori bado ni la njano.

Kwa nini kivuli kimeelemea bluu? Sehemu isiyopigwa na jua bado inaangazwa na anga, na anga ni la bluu. Vilevile, lori likisimama juu ya udongo mwekundu, sehemu ya chini ya ubavu hupata wekundu kidogo, kwa sababu ardhi hurudisha mwanga.

6.4 Makosa yanayopoteza alama

• Vivuli vinavyokwenda pande mbili wakati jua ni moja.
• Kuweka kivuli kilichoanguka juu ya leya ya lori. Kinapaswa kuwa chini yake.
• Kuchora vyote kwenye leya moja.
• Kuhifadhi kazi kwa JPEG pekee. JPEG huunganisha leya zote kuwa moja. Hifadhi kwanza faili la programu yenyewe, kwa mfano .kra la Krita au .xcf la GIMP.

ZINGATIA: Ukipewa penseli na karatasi, hutakuwa na leya wala amri ya kutengua. Fuata mfuatano uleule: amua mwanga, chora kwa wepesi, tia giza jepesi kwanza, kisha koleza. Sehemu ya mng'aro iache nyeupe tangu mwanzo.

6.5 Maswali ya kujipima

1. Taja faida mbili za kutumia leya.
2. Bodi ina rangi (200, 100, 50). Kokotoa rangi yake chini ya kivuli (153, 153, 204) katika hali ya kuzidisha.
3. Leya ya kivuli iliyo katika hali ya kuzidisha imepakwa nyeupe (255, 255, 255). Nini kitatokea? Eleza.

Majibu

1. Kurekebisha sehemu moja bila kugusa nyingine. Kubadilisha mfuatano wa sehemu za mchoro.
2. 200 × 0.6 = 120; 100 × 0.6 = 60; 50 × 0.8 = 40. Rangi ni (120, 60, 40).
3. Hakuna kitakachobadilika, kwa sababu 255 ÷ 255 = 1, na namba yoyote ikizidishwa kwa 1 hubaki ilivyo.